Karatasi Iliyoondoka na Lori

Lori lilikuwa limeshapita daraja la pili, mji umebaki nyuma ya mabati tuliyobeba, nami nimekaa mbele na dereva, begi langu katikati ya miguu, kifua kinapumua vizuri kama cha mtu aliyefunguliwa mlango. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Hakuweza kupita kilima bila kukisemesha.

"Mzee, huko tuendako unaenda kukaa au kupita?"

"Nikifika nitajua."

"Basi unapita," akasema, akacheka peke yake.

Mtaani kwa mdogo wangu wa kike wananiita Kiguu. Ni kifupi cha kiguu na njia, na sikatai, maana ndivyo nilivyo. Nina miaka sitini na tisa na sijawahi kukaa mahali pamoja hata misimu miwili ya mvua ikanikuta hapo hapo. Nimechimba mitaro ya nguzo za simu, nimepikia wajenga barabara, nimelinda maghala ya watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Shule nimesoma vipande vipande. Darasa la pili nililisoma mji mmoja, la nne mji mwingine, na la tatu nikalisoma mwisho kabisa, nikiwa na ndevu.

Mdogo wangu ni kinyume changu. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka minane, lakini yeye ndiye aliyekua. Amefundisha shule moja miaka thelathini na minne, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na darasa lake la tano ndilo hugeuzwa kituo cha kupigia kura kila uchaguzi ukifika. Yeye ndiye msimamizi wa kituo. Chaguzi sita amesimamia, na siku hiyo ilikuwa ya saba. Katika zote sita hesabu yake haikuwahi kugoma hata mara moja.

Miezi mitano kabla ya hapo nilimwangukia mlangoni na homa ya mapafu. Hakuniuliza nimetoka wapi wala kwa nini sikuandika. Alinipa chumba cha nyuma, akaninywesha uji kwa kijiko kama mtoto, akinifokea nikitema. Nilipoweza kusimama bila kushika ukuta, akanishika mkono, akanipeleka kuandikishwa kupiga kura.

"Una anwani sasa," aliniambia. "Mara moja tu katika maisha yako, kaka, uandikwe mahali."

Nikaandikwa. Halafu nilipopata nguvu, miguu ikaanza kuniwasha. Nikamwambia nimepata lori, linaondoka siku ile ile ya uchaguzi. Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kukunja, akalinyoosha, akalikunjua, akalikunja tena. Alisema neno moja tu: "Piga kura kwanza."

Kwa hiyo nilipiga kura kwanza, au ndivyo nilivyojua mimi, mpaka tulipofika kwenye mizani.

Pale magari makubwa hupimwa uzito, na siku ya uchaguzi askari walikuwa wanataka vitambulisho vya kila aliyekaa mbele. Ilikuwa saa saba mchana. Nikaingiza vidole kwenye mfuko wa shati. Vikatoka vitu viwili. Kitambulisho changu, na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Nilijua ni nini kabla sijaitazama.

Nieleze, maana nikiacha hapa nitaonekana punguani. Maisha yangu yote watu wenye meza wamekuwa wakinipa karatasi. Kibali, stakabadhi, cheti cha kambi, ruhusa ya kulala. Ukipoteza karatasi ya mtu mwenye meza, umekwisha. Kwa hiyo mkono wangu umejifundisha kazi moja bila kuniuliza: karatasi ikija, kunja, weka mfuko wa shati, funga kifungo. Asubuhi ile nilikuwa mtu wa kumi na moja kwenye foleni. Nikapewa karatasi, nikaenda nyuma ya kile kiboksi cha kadibodi, nikamwekea alama niliyemtaka. Ilikuwa kura yangu ya kwanza duniani na moyo ulikuwa unanidunda kama wa bwana harusi. Nikakunja. Na nilipokuwa natoka, mama aliyenitangulia alikuwa ameleta balaa kwenye sanduku. Alikuwa ameikunja karatasi yake mara nane, imekuwa nene kama hirizi, ikakwama kwenye tundu. Karani wa sanduku, mzee mstaafu wa posta, alikuwa anaisukuma kwa rula. Mawakala wa wagombea wote wawili walikuwa wamesimama kuangalia, mdogo wangu naye ameinama hapo. Watu wakicheka. Nikapita nyuma yao, nikachovya kidole kwenye wino, nikaenda zangu. Na mkono ulikuwa umeshafanya kazi yake.

"Ndio hiyo?" dereva akauliza nilipomaliza kumweleza. Akaitazama kama mtu anayetazama nyoka mdogo. "Tupa dirishani, mzee. Karatasi moja! Nani atajua?"

"Mdogo wangu atajua."

"Atajua ni wewe?"

"Atajua ni pungufu."

Kibaya zaidi ni kwamba katika mji ule wote hakuna mtu aliyeelewa jambo hilo kuliko mimi, ukiwatoa makarani wenyewe. Wiki nzima kabla ya uchaguzi mdogo wangu alikuwa akiwafundisha sebuleni kwake, na mimi ndiye niliyeigiza mpiga kura msumbufu. Nililewa, nikaja na kitambulisho cha marehemu, nikarudi mara ya pili na kidole nimekisugua kwa limau. Mzee wa posta alikuwa ananikamata kwa furaha. Na siku moja Mwalimu akatueleza wizi anaouogopa kuliko wote.

"Mtu wa kwanza anapewa karatasi," alisema, "anajifanya ameitumbukiza, kumbe anatoka nayo mfukoni, tupu. Nje kuna bwana anamngoja. Bwana anaijaza mwenyewe, anampa wa pili: tumbukiza hii, niletee tupu utakayopewa. Wa pili anamletea. Inajazwa, anapewa wa tatu. Mpaka jioni watu mia wamepiga kura ya mtu mmoja, na sandukuni imepungua karatasi moja. Moja tu! Kwa hiyo mkiona moja imepungua, msiniambie ni moja."

Mpishi wa shule, ambaye kazi yake kituoni ilikuwa kuchana karatasi kutoka kwenye vitabu, aliuliza: "Na tukiona imepungua, Mwalimu?"

"Tukishindwa kueleza ilikokwenda na mawakala wakikataa kusaini, sanduku linafungwa upya, linapelekwa makao ya uchaguzi, na kura za chumba kizima zinawekwa kando mpaka uchunguzi uishe. Kila mtu aliyesimama foleni, kando."

Nikakumbuka foleni ya asubuhi. Watu walikuwa wamefika gizani na viti vyao. Nikakumbuka na mdogo wangu, amevaa gauni la kijani alilolipiga pasi mara mbili, anawaonyesha mawakala kwamba sanduku ni tupu, analigeuza kichwa chini, analitikisa, kama mtu anayejivunia sufuria iliyosuguliwa.

"Mpigie simu basi," dereva akasema.

"Simu zote ziko kwenye kapu la askari mlangoni. Sheria yake."

Dereva akapumua. Halafu akashuka, akaenda upande wa pili wa mizani ambako magari yalikuwa yanarudi, akaongea na mtu wa gari la soda, akipunga mikono kama anauza ng'ombe. Akarudi.

"Kuna nafasi juu ya kreti. Mbele wamekaa watatu. Kifua chako kitaweza?"

"Kitaweza."

"Wewe mzee ni kichwa maji," akasema, na akanibebea begi mpaka kule.

Nilifika shuleni saa kumi na moja na robo, mgongo umegawanyika vipande. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno: nitaingia, nitaomba radhi, nitaitumbukiza, basi. Lakini kura zilifungwa saa kumi. Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa, na nje watu kama thelathini wamekaa kwenye majani wakisubiri matokeo. Askari wa mlangoni akanitazama juu chini.

"Mzee Kiguu! Si uliondoka?"

"Niliondoka. Wanahesabu?"

"Wamehesabu mara tatu. Kuna kitu kimegoma." Akashusha sauti. "Mwalimu hajala tangu asubuhi."

Sauti ya kinyozi ilikuwa inasikika hata nje. Alikuwa wakala wa mgombea mmoja wa udiwani. Wakala wa yule mwingine alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye sauti ndogo. "Sisaini!" kinyozi alikuwa anasema. "Mwalimu nakuheshimu, umenifundishia watoto, lakini kalamu yangu haigusi hiyo fomu!"

"Mwite Mwalimu," nikamwambia askari. "Mwambie nina kitu chao."

Mlango ukafunguka. Mdogo wangu akatokea, chaki imemjaa kwenye mikono mpaka kwenye viwiko. Aliponiona, uso ukamshuka. Hakufikiria kura. Alidhani homa imenirudia njiani, nimerudi kuanguka tena, kwa maana mkono wake ulinyanyuka moja kwa moja kuja kunipima paji la uso.

Nikamwonyesha karatasi.

Mkono wake ukaishia hewani. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa yote kwa mara moja, kama alivyokuwa akinielewa nikiwa na miaka kumi na mitano nimesimama na mwiko uliovunjika. Nikataka kumpa.

"Usinipe," akasema. "Usiikunjue. Ishike juu ya kichwa watu waione." Kisha akageuka chumbani, na sauti ikawa nyingine, ya kazi. "Mawakala, njooni mlangoni. Nyote wawili. Njooni muone kabla mtu yeyote hajaigusa."

Wakaja. Nikaingizwa ndani nikiwa na mkono juu kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.

Ubaoni kulikuwa na hesabu, kwa mwandiko wake ule wa duara. Karatasi zilizopokelewa: mia nne na hamsini, yaani vitabu tisa vya hamsini hamsini. Zilizobaki bila kuchanwa: sitini na mbili. Zilizochanwa: mia tatu themanini na nane. Mbili watu waliziharibu wakapewa nyingine. Kwa hiyo sandukuni: mia tatu themanini na sita. Na chini yake, imezungushiwa duara mara tatu: mia tatu themanini na tano. Kura zenyewe zilikuwa mezani, zimelazwa kifudifudi. Zilikuwa hazijapangwa bado. Hakuna aliyejua nani anaongoza. Kwanza idadi ikubali, ndipo majina. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake.

Alikaa mezani, akafungua daftari la matukio, akashika kalamu. Sikukaribishwa kukaa.

"Jina lako kamili?"

Nikalitaja. Aliliandika taratibu, jina la baba yetu akiliandika vile vile anavyoandika lake.

"Ulipiga kura saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kama ishirini."

"Uhusiano wako na msimamizi wa kituo?"

Mpishi akatazama sakafu.

"Ni mdogo wangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Akaandika. Nikamweleza yaliyonitokea, mfuko, hirizi ya yule mama, mizani, gari la soda. Aliyaandika yote. Niliposema nilipita nyuma yao wakati wameinama kwenye sanduku, mzee wa posta akasimama.

"Hiyo ni yangu, Mwalimu. Sanduku lilikuwa langu. Andika mimi."

"Kaa, mzee wangu. Chumba ni changu." Akaendelea kuandika, huku akisoma kwa sauti: "Msimamizi aliacha kutazama njia ya wapiga kura kwa muda wa dakika moja au mbili. Mpiga kura ni kaka wa msimamizi."

"Kaka yake!" kinyozi akapiga mapaja. "Jamani, kaka yake! Kesho kiti changu kikijaa wateja niwaambie nini? Kwamba kura ya kaka wa Mwalimu ilitoka kidogo kwenda matembezi?"

"Waambie ilikwenda mizani," fundi cherehani akasema. "Imepimwa, haikuzidi uzito."

Hata askari alicheka. Kinyozi naye mdomo ukamcheza, lakini akajikaza. "Nachekea wapi? Mwalimu, wewe mwenyewe ulituambia. Moja si moja. Huyu mzee alitoka na karatasi asubuhi na mapema. Nitajuaje mchezo haukuanzia kwake? Nitajuaje anayotuletea ndiyo ile ile?"

Nilitaka kumrukia. Mdogo wangu akainua kidole kunizuia bila hata kunitazama.

"Kinyozi ana haki," akasema. "Ningekuwa wakala ningeuliza hivyo hivyo." Nje mtoto alikuwa analia. Nikaona macho yake yanatembea ubaoni, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, hesabu za jikoni, mayai mangapi, watu wangapi. Akasimama.

"Kinyozi. Tuseme mwizi ni wewe."

"Astaghafiru!"

"Tuseme tu. Umemtuma mtu, akakutolea karatasi tupu saa moja asubuhi. Ikafika saa kumi, kura zikafungwa. Karatasi ile ya asubuhi iko wapi?"

Kinyozi akafikiri. Alikuwa mtu mwenye akili, hilo simnyimi. "Imo sandukuni. Niliijaza nikampa wa pili aitumbukize."

"Na iliyokubakia mkononi?"

"Ya mtu wa mwisho. Ya alasiri."

"Kwa hiyo kama kaka yangu alianzisha mchezo, yake imo humu mezani, na hiyo aliyoishika imetoka kwenye kitabu cha saba au cha nane. Kama hakuanzisha, hiyo aliyoishika imetoka kwenye kitabu cha kwanza, na haijawahi kubadilishwa."

"Karatasi hazina namba, Mwalimu."

"Hazina. Ili mtu asijulikane kampigia nani. Lakini zina ukingo zilipochanwa." Akamgeukia mpishi. "Kitabu cha kwanza ulikichanaje?"

Mpishi akaona aibu. Alikuwa mgeni kwenye kazi, ilikuwa mara yake ya kwanza. "Kwa mkono," akasema. "Mikono ilikuwa inanitetemeka. Zilikwenda upande upande. Ulinigombeza."

"Nilikugombeza. Na cha pili?"

"Kwa rula. Mpaka mwisho, rula."

Vishina vyote, vile vipande vinavyobaki kitabuni karatasi ikichanwa, vilikuwa vimefungwa kwa uzi, kitabu kwa kitabu. Mdogo wangu aliwaonyesha mawakala kwanza: kitabu cha pili hadi cha mwisho, ukingo umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Kitabu cha kwanza, vishina vimeliwaliwa kama meno ya mtoto, kila kimoja na upungufu wake. Kisha akaniambia niilaze karatasi mezani, imekunjwa vile vile. Ukingo wake ulikuwa wa mawimbi, na kwenye kona ya juu kilipungua kipande kidogo, ukubwa wa ukucha.

"Shikeni wenyewe," akawaambia mawakala. "Mimi sigusi, ni kaka yangu."

Kinyozi na fundi cherehani wakainama pamoja, vichwa vinagusana. Fundi ndiye aliyeshika karatasi, kwa vidole vya mtu aliyezoea kulinganisha vitambaa. Kishina cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Cha tano, cha sita. Kwenye cha tisa wakasita, wakaigeuza, wakaacha. Kwenye cha kumi na moja fundi akasogeza karatasi taratibu, na ule ukucha uliopungua ulikuwa umebaki kwenye kishina. Mawimbi yakaingia kwenye mawimbi. Hukuona hata mstari.

"Imekaa," fundi akasema.

Kinyozi akaishika yeye, akaitoa, akaiweka tena. Akafanya hivyo mara tatu. "Imekaa," akasema kwa shingo upande. Halafu: "Sasa tuifungue tuone alimpa nani."

Mdogo wangu akafunika karatasi kwa kiganja. "Hapana."

"Si imekufa? Haihesabiwi!"

"Haihesabiwi. Lakini ni kura yake. Mimi nimempikia miezi mitano, na sijui alimpa nani, na sitaki kujua. Na wewe hutajua."

Hapo ndipo nilipouliza. Nilijua jibu, nimelisikia sebuleni wiki nzima, lakini moyo una ujinga wake. "Siwezi kuitumbukiza sasa? Mbele ya wote?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mlangoni. "Huwezi. Ikishatoka nje ya mlango hairudi sandukuni." Kisha akasema chini chini, si kwa sauti ya kazi: "Pole, kaka."

Akaitia kwenye bahasha, akaibandika, wakasaini juu ya gundi watu watano. Kinyozi alitaka maneno yake yaandikwe kwenye fomu: kwamba kituo hakikuwa makini saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mdogo wangu akamsukumia fomu na kalamu. "Andika mwenyewe. Andika vizuri, usibane herufi." Akaandika mistari minne. Halafu akasaini. Fundi akasaini. Mzee wa posta akatoa leso, akajifuta uso wote pamoja na miwani.

Wakapanga kura. Mia mbili na moja kwa mmoja, mia moja sabini na tisa kwa mwingine, tano zilizokosewa. Mia tatu themanini na tano. Yangu isingebadilisha kitu. Fomu ikabandikwa mlangoni jua likizama nyuma ya paa la shule, na watu wa kwenye majani wakaja kuisoma kwa vidole. Chini kabisa ilikuwa imeandikwa: imetolewa moja zaidi ya zilizomo sandukuni, tazama daftari la matukio. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Moja ilikwenda wapi?" Kinyozi akamjibu, "Ipo kwenye bahasha, nimeiona kwa macho yangu," kwa ukali, kana kwamba yule ndiye aliyekuwa anamtilia shaka Mwalimu.

Gari la makao likachukua sanduku na makaratasi. Polisi wakaniambia niripoti kesho yake, kwa sababu kutoka na karatasi ya kura ni kosa, hata ukiwa mjinga. Nikasema nitaripoti. Tukaenda nyumbani kwa miguu, mdogo wangu na mimi. Viatu alikuwa amevivua, amevishika mkononi, na mimi nimembebea mkoba wake juu ya begi langu.

"Kweli lori lilikufikisha mizani?"

"Mizani."

"Mizani!" Akatembea kidogo. "Ungeitupa tu, kaka. Hakuna ambaye angejua ni wewe."

"Dereva alinishauri hivyo."

"Na kwa nini hukutupa?"

"Ungekaa na hiyo moja kichwani mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi mpaka ufe."

Akacheka, kile kicheko chake cha kwenye pua, kisha kikageuka kilio, ikabidi asimame ashike ukuta wa nyumba ya watu. Mimi sijui kubembeleza. Nilisimama tu, nikahamisha mkoba bega hili na bega lile.

"Niliposikia ni wewe mlangoni," akasema, akijifuta kwa mgongo wa mkono, chaki ikambaki shavuni, "nilijua ni kifua."

"Kifua kizima."

"Kwa hiyo umerudi kwa ajili yangu."

"Nimerudi kwa ajili ya hesabu yako."

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema, na tukaendelea.

Nililala kwake siku kumi na moja, kwa sababu polisi waliniita mara tatu. Mwishowe nilipewa onyo la maandishi. Makao ya uchaguzi yalikubali fomu ya chumba kile bila kuirudisha, na yakamwandikia mdogo wangu barua ya karipio ya mistari sita kwa kutosimamia njia ya wapiga kura. Hakukata rufaa. Alisema kila mstari ni kweli, isipokuwa tarehe, ambayo walikosea, akawaandikia warekebishe. Hakuitwa tena kusimamia. Mwaka uliofuata alistaafu ualimu. Mgombea wa kinyozi ndiye aliyeshinda, kwa kura za vituo vyote. Kinyozi bado ananyoa pale pale. Fundi cherehani alihamia kwa binti yake. Mzee wa posta alifariki kabla ya uchaguzi mwingine, na mpishi wa shule ndiye msimamizi wa chumba kile sasa. Dereva nimesikia anabeba mbao. Uchaguzi mwingine ulipofika mimi nilikuwa mbali, nalinda kiwanda cha matofali, na sikupiga kura. Mdogo wangu anaishi nyumba ile ile, magoti yanamsumbua, na chumba cha nyuma hajampangisha mtu. Namwandikia kila mwezi, yeye hunijibu kwa barua fupi, na mara mbili amenisahihisha herufi.